Damu ya mama anayejifungua tusiikadirie kwa macho

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo niongelee kitu kinachoniuma sana, wamama wa Nigeria wanaofariki kwa kuvuja damu baada ya kujifungua. Mwaka 2020 vifo vya uzazi Nigeria vilikadiriwa kufika kama 82,000, zaidi ya robo ya vifo vyote vya aina hiyo duniani, ila magazeti yetu yakiandika Nigeria ni Boko Haram, muziki na mpira tu.

Mimi ni nesi wa leba, najua damu inavyodanganya. Nyingine inanywewa na khanga, nyingine inaingia kwenye godoro, nyingine inachuruzika hadi sakafuni, unaangalia unasema aah kawaida hii, kumbe mama ameshapoteza zaidi ya nusu lita na bado inatoka, ukija kushtuka presha imeshuka na ndugu ndo wanaanza kukimbizana kutafuta wa kutoa damu. Na kule Nigeria wengi wanafika leba damu iko chini tayari kwa sababu ya malaria na lishe, so kiasi ambacho mwingine angekivumilia, yeye kinammaliza.

Halafu njia ipo jamani! Kuna utafiti unaitwa E-MOTIVE, majibu yalitoka Mei 2023, ulifanyika Nigeria, Kenya, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, hospitali 80, wamama zaidi ya 200,000. Mama akishajifungua anawekewa mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, damu inaingia humo unasoma imefika wapi. Ikizidi hakuna kusubiri dawa moja ishindwe ndo ujaribu nyingine, unakanda mfuko wa uzazi, unampa oksitosini ya kukaza mfuko wa uzazi na asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, dripu, unakagua inatokea wapi, vyote kwa mkupuo. Matatizo makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Kwenye hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani karibu nusu ya waliovuja hawakugundulika, nusu nzima, na walikuwa hospitalini!

Nigeria mwishoni mwa 2024 walitangaza upasuaji wa kujifungua bure kwa wamama maskini, hilo nalipongeza kwa moyo wote. Lakini upasuaji wa bure haumsaidii aliyejifungua kawaida halafu anavuja saa nane usiku kwenye zahanati yenye mkunga mmoja, na oksitosini inataka friji, nyuzi 2 hadi 8, umeme ukiwa wa kukatika katika dawa inapungua nguvu, unachoma sindano dhaifu na wewe hujui. Achilia mbali wanaojifungulia nyumbani, takwimu za Nigeria za 2018 zilionyesha asilimia 39 tu ndo waliojifungulia kituoni, na kule kaskazini kama Sokoto na Kebbi hali ni mbaya zaidi. Mama akienda, kichanga nacho kinabaki bila ziwa.

Kwa hiyo mhariri, mkituma mwandishi kwenye mikutano ya mawaziri wa afya naomba awaulize Wanigeria ile mifuko imefika vituo vingapi nje ya Lagos na Abuja, na dawa zinakaa friji gani. Akirudi awaulize na wa kwetu maswali hayo hayo, maana wamama wetu nao walikuwa kwenye huo utafiti.

Nesi wa leba, Morogoro