Gari likianza kuja, nyamaza

Mwanangu mpenzi,

Siku ile ulipokuja likizo ulinikuta naangalia Star Trek ya zamani, ile tamthilia ya runinga ya wasafiri wa anga za juu, ukaangua kicheko: "Baba, hiyo miamba ya maboksi!" Sikukujibu kwa sababu hadithi ilikuwa imefika pale ninapopapenda. Nakujibu leo.

Ile ni sehemu iitwayo "The City on the Edge of Forever", iliyoonyeshwa Marekani Aprili 1967. Daktari McCoy anajidunga dawa kwa bahati mbaya, anarukwa na akili, anachupa ndani ya lango la wakati na huko aendako anaivuruga historia. Chombo chao kilichokuwa angani kinatoweka, kama vile hakijawahi kuundwa. Nahodha Kirk na msaidizi wake Spock wanamfuata hadi New York ya 1930, kazi hakuna, watu wanapanga foleni wapate supu. Anayewalisha ni Edith Keeler. Kirk anampenda. Halafu Spock anagundua kuwa Edith hana budi kufa: akiishi, harakati zake za amani zitaichelewesha Marekani kuingia vitani, na Ujerumani ya Hitler itatangulia kupata bomu la atomiki.

Na Edith hana kosa lolote! Hicho ndicho kinachoniuma. Amani anayoitaka ni ya haki, ila wakati wake haujafika. Gari linakuja, McCoy anakimbia kumwokoa, na Kirk anamkumbatia daktari kwa nguvu zake zote asimfikie. Tumezoea shujaa anayeruka kuokoa. Huyu ushujaa wake wote ni kuzuia mkono wa rafiki. Nimeiona mara nyingi, na bado kila mara natumaini safari hii atamwachia.

Harlan Ellison aliyeiandika aligombana na watayarishaji miaka mingi kwa kumbadilishia maandishi. Hata hivyo mwaka 1968 ilipata Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi.

Na kwenye ile miamba yako ya maboksi amesimama Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo chao, ambaye jina lake limetoka kwenye "uhuru" wetu. Bibi yako kila akimwona alikuwa akilisahihisha kwa sauti: "Uhuru!"

Mwishoni lango linawaambia safari bado zipo nyingi. Kirk hana hamu nazo, anataka waondoke tu.

Ukija Desemba tutaiangalia pamoja. Icheke miamba, nitakuvumilia. Ila gari likianza kuja, nyamaza.

Baba yako