Sikiliza Andiko Lako Kabla ya Kututumia

Kazi nyingi zinazoletwa kwetu kuhaririwa, ziwe tasnifu, ripoti au barua za kuombea kazi, huwa zimekwisha kupitishwa kwenye kikagua tahajia, na mwenye kazi huamini kuwa ni safi kwa sababu hakuna neno lililopigiwa mstari mwekundu. Kikagua tahajia, hata hivyo, hupima tu kama neno limo katika kamusi yake, wala hakijui kama ndilo lililokusudiwa. Mwaliko unaowaambia wageni "kaburi sana" utapita salama salimini, kwani kaburi ni neno halali sawa na karibu. Macho ya mwandishi nayo hayamsaidii sana, maana husoma kile anachokumbuka kuwa alikiandika. Ndiyo maana tunawashauri wateja wetu wasomewe andiko lao na kompyuta kabla ya kulituma: mashine haikumbuki chochote, hivyo hutamka kilichopo, ikiwa ni pamoja na "ya" iliyoandikwa mara mbili na kitenzi kilichosahauliwa.

Katika Microsoft Word ya mwaka 2019 na matoleo yaliyofuata, weka kishale mahali unapotaka usomaji uanzie, fungua kichupo cha "Review", kisha ubonyeze "Read Aloud". Anayependelea kibodi abonyeze Ctrl, Alt na Space kwa pamoja. Neno linalosomwa hupakwa rangi, hivyo unaweza kufuatilia kwa macho pia. Sauti ikikukimbia, Alt pamoja na mshale wa kushoto huipunguza kasi. Wenye kompyuta za Mac wanaweza kuwasha usomaji wa sauti kwenye mipangilio ya mfumo, kisha wakachagua matini na kubonyeza Option na Esc.

Lalamiko tunalolisikia zaidi ni kwamba sauti "inasoma Kiswahili kama Mzungu aliyefika jana". Mara nyingi kosa si la sauti, bali ni la lugha iliyowekwa kwenye faili. Word huchagua sauti kwa kufuata lugha ya ukaguzi, na faili nyingi huzaliwa zikiwa zimewekewa Kiingereza. Chagua matini yote, rudi kwenye "Review", fungua "Language", kisha uiweke Kiswahili. Ikiwa toleo lako halitoi sauti ya Kiswahili hata baada ya hapo, hifadhi andiko kama PDF na ulifungue kwa kivinjari cha Microsoft Edge, ambacho nacho husoma kwa sauti. Microsoft imetengeneza sauti nne za Kiswahili: Zuri na Rafiki kwa Kiswahili cha Kenya, Rehema na Daudi kwa cha Tanzania.

Lugha ikishawekwa sawasawa, Kiswahili huwa rahisi kwa mashine, kwa kuwa irabu zake ni tano, maandishi yake hufuata matamshi, na mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Penye tarakimu ndipo pagumu. Msomaji wa kawaida akiona "watu 5" atasema watu watano, na akiona "vitabu 3" atasema vitabu vitatu. Sauti ya kompyuta inaweza kusema tano na tatu bila kujali ngeli. Vifupisho kama "n.k." navyo huweza kutamkwa kwa namna ya kuchekesha. Usiyahesabu hayo kuwa makosa yako, ingawa idadi ndogo zinazotokea katikati ya sentensi tungependelea uziandike kwa maneno.

Sikio nalo lina mipaka. Haliwezi kutofautisha "kwa hiyo" na "kwahiyo", halioni herufi kubwa iliyokosekana wala alama ya kunukuu isiyofungwa, na kuhusu majedwali halina la kusema. Linachokamata vizuri kuliko chochote ni upatanisho wa kisarufi ulioharibika baada ya mwandishi kubadili nomino na kusahau viambishi vinavyoitegemea, kama vile pale "kitabu" kilipogeuzwa kuwa "ripoti" lakini "chake" na "kilichotolewa" vikabaki vilevile.

Kwa mikataba, taarifa za wagonjwa na nyaraka nyingine za siri, kumbuka kuwa sauti zinazosikika kama za binadamu kwa kawaida hutegemea intaneti, na matini hupelekwa kwenye seva za kampuni ili igeuzwe kuwa sauti. Tumia sauti zilizomo ndani ya kompyuta yenyewe, hata kama ni kavu.

Sikiliza kurasa chache kwa wakati mmoja, kwa sababu sikio huchoka na kuanza kusamehe. Utakapokutana na sentensi inayosikika vibaya bila wewe kujua imeharibikia wapi, usihangaike nayo; ipake rangi ya manjano na uiache. Faili ikitufikia, tutaanza na hizo.