Mauzo peke yake hayatoshi kusema biashara imekua

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kurasa zenu za biashara nazisoma sana ila kuna kitu kinaniuma, kila mkisema biashara fulani imekua mnataja mauzo na idadi ya wateja basi, hamuulizi wangapi walirudi. Mbona kampuni za simu zenyewe haziishii kwenye waliosajiliwa, zina hesabu ya waliotumia huduma ndani ya siku 30 au 90. Akaunti za pesa kwa simu dunia nzima mwaka 2024 zilizosajiliwa zilipita bilioni 2 lakini zinazotumika kila mwezi ni kama nusu bilioni tu. Sasa mtu akikutajia ile bilioni 2 peke yake si anakupoteza?

Mimi nauza gesi Mbagala, mitungi ya kilo 6 ndo inatoka zaidi. Uzuri wa gesi watu wanapika kila siku kwa hiyo mtungi lazima uishe. Kwenye daftari naandika jina, simu, tarehe aliyochukua na nani kamleta. Mama aliyezoea kumaliza mtungi kwa wiki tatu, ukiona wiki ya tano hiyo yuko kimya ujue kashahamia duka lingine au karudi kwenye mkaa, we mpigie tu umuulize vizuri. Mara nyingi utaambiwa siku ile boda alichelewa watoto wakalala njaa, au alijibiwa vibaya na kijana wa dukani. Ni vitu vya kurekebisha siku hiyohiyo, ila usipokuwa na ile tarehe hutajua hata kama ameondoka.

Afu kuna hizi ofa. Tuseme mtungi unakuachia faida ya 2,000, mteja mpya umempelekea kwa boda ya 3,000 bure na mpira wa gesi wa 5,000 juu, hiyo ni 8,000, maana yake mitungi minne ya mwanzo anakurudishia hela yako tu, faida inaanza wa tano. Akichukua mmoja akapotea imekula kwako. Vijana wengi wanaposti ofa status kila wiki, duka linajaa kweli, mwisho wa mwezi mtaji umepungua na hawaelewi umeenda wapi, inauma sana kuona.

Ombi langu kwa halmashauri, ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato yenu ya ndani kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, vikundi vinapofundishwa kabla ya kupewa hela wafundishwe na hili la kuhesabu wanaorudi, daftari na kalamu vinatosha, siyo lazima kompyuta. Na nyie waandishi mkimhoji mfanyabiashara muulizeni wateja wake wa Januari wangapi walikuwa bado wanakuja Juni, na kama hana jibu andikeni hivohivo kwamba hana.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam