Upinde uingie darasani pamoja na rula

Ndugu Mhariri,

Somo la upinde na mshale likiishia kwenye kurusha na kuhesabu pointi, watoto wamecheza tu. Shule za hapa Lindi zinazofikiria kulianzisha, tunaziomba zianze na rula.

Shabaha ya kipenyo cha sentimita 80 ina pete 10, kila moja upana wa sentimita 4. Wanafunzi waichore wenyewe: karatasi mbili za manila zilizogundishwa, msumari katikati, uzi usiovutika na penseli. Duara la pointi 10 lina nusu kipenyo cha sentimita 4, hivyo eneo lake ni 3.14 × 16, yaani sentimita za mraba 50.24. Pete ya pointi 9 ni mara 3 ya hilo, ya 8 mara 5, ya 7 mara 7, hadi ya pointi 1 ambayo ni mara 19. Namba witiri zimejipanga zenyewe, na jumla yake ni 100! Hapo mtoto anaona kwa nini mishale ya anayeanza hujaa pembeni: huko ndiko kwenye nafasi. Mwalimu asiharakishe hapa, hata kipindi kizima kikiisha.

Kwa sekondari, mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, inatosha. Inase kwenye upote (uzi wa upinde), vuta, soma kilo kila upote unaposogea sentimita 5, zidisha kwa 10 kupata nyutoni, chora grafu. Eneo lililo chini ya mstari, sentimita zikigeuzwa kuwa mita, ndiyo nishati. Upinde unaofika nyutoni 60 kwa mvuto wa sentimita 40, mstari ukiwa umenyooka, unabeba jouli 12. Kosa la kawaida ni kupima mvuto kuanzia kwenye mti wa upinde badala ya pale upote ulipotulia. Nishati inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Upote wa nailoni nao hurefuka, vipimo vikayumba. Katani iliyosokotwa vizuri ni afadhali.

Upote usiachiwe bila mshale. Jouli zile 12 zikikosa mshale wa kuzibeba hubaki kwenye mti wa upinde na kuupasua.

Shabaha ibandikwe kwenye magunia ya korosho yaliyoshindiliwa makumbi, nyuma yake pawe na tuta la mchanga. Wote warushe kutoka mstari mmoja, na asiokote mtu mshale kabla pinde zote hazijawekwa chini.

Walimu wa hisabati na sayansi,
Lindi