Kabla ya Kuongeza Nguvu ya Injini, Tukague Matairi ya Nyuma

Vijana wengi wanaotuletea Altezza, Mark II na Chaser kwenye gereji yetu hapa Iyunga, Mbeya, huanza na malalamiko yaleyale: gari likiachiwa kwenye mstari wa kuanzia mbio fupi za kunyoosha (drag), matairi ya nyuma yanazunguka tu na gari haliondoki. Wakishaeleza hayo, huuliza kama tunaweza kuwafungia turbo, kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi. Tunawajibu kwa heshima kwamba kazi hiyo isubiri kwanza, kwa sababu tairi lililoshindwa kuipeleka barabarani nguvu iliyopo litaishindwa zaidi nguvu itakayoongezwa.

Kuna jambo la mahali petu ambalo wengi hawalifikirii. Mbeya ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo inapata hewa pungufu kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na inapokuwa Dar es Salaam. Kwa hiyo, gari ambalo tayari limepunguzwa nguvu na mwinuko, kisha bado linazungusha matairi kwenye lami kavu, linatuambia wazi kwamba kasoro imo katika matairi, katika springi na shokapu, au katika mguu wa dereva.

Tunaanza na tairi lenyewe. Ubavuni mwake, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Hivi karibuni tulisoma 3712 kwenye tairi la Altezza moja, maana yake wiki ya 37 ya mwaka 2012. Lilikuwa tairi la mtumba, kashata zake, yaani vinundu vya uso wa tairi, ndefu kama za tairi jipya, na mwenye gari aliamini kwa dhati kwamba amepata mali nzuri. Tulipobonyeza mpira kwa ukucha haukuacha alama yoyote, na kati ya kashata mlikuwa na nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Mpira wa namna hiyo hauumani na lami, hata ukiwa na kashata za kutosha. Tunasisitiza hili kwa sababu tairi kipara kila mtu analiona na kuliogopa, lakini tairi lililozeeka likiwa na kashata zake linawadanganya hata watu wazoefu.

Hatua inayofuata haihitaji mashine. Tunachora mstari mnene wa chaki kukatiza uso wa tairi kutoka ukingo hadi ukingo, tunalisogeza gari taratibu mita chache kwenye sakafu iliyonyooka, kisha tunatazama chaki imefutika wapi. Ikifutika katikati pekee, upepo umezidi. Ikifutika pembeni zote mbili na kubaki katikati, upepo ni mdogo. Kwenye magari mengi yaliyoshushwa, chaki hufutika upande wa ndani tu, upana wa vidole vitatu hivi, na sehemu nyingine yote ya tairi haijagusa sakafu vya kutosha. Mwenye gari amenunua tairi pana na analitumia kama tairi la pikipiki.

Chanzo cha hali hiyo, mara nyingi, ni springi zilizokatwa, na hapa tunaomba wateja wetu watusikilize kwa makini. Gari linapoondoka kwa nguvu, uzito huhama kutoka mbele kwenda nyuma, na uzito huo ndio unaoyakandamiza matairi ya nyuma yashike barabara. Chukua gari la kilo 1,400 ambalo kitovu chake cha uzito kiko nusu mita kutoka ardhini, na umbali kati ya ekseli zake ni mita 2.67: likiongeza kasi kwa nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia, kilo zipatazo 130 zinahamia kwenye matairi ya nyuma. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi na hulipunguzia gurudumu nafasi ya kupanda na kushuka, kiasi kwamba sehemu ya nyuma inakaa na kugonga mpira wa kizuizi mapema. Pigo hilo hulirusha tairi wakati uleule linapotakiwa kutulia. Shokapu zikiwa zimekufa, tairi linarukaruka, gari zima linatetemeka, na bushi, shafti na difu vyote vinaumia. Gari la kushindana halikatazwi kushushwa, ila lishushwe kwa springi na shokapu zilizotengenezwa ziende pamoja, kisha lifanyiwe alaimenti, yaani magurudumu yapangwe yakae kwenye pembe sahihi.

Kuhusu upepo, wengi wameona video za Marekani, ambako magari makubwa ya mbio hizi huanza na upepo mdogo mno hadi ubavu wa tairi unajikunja. Matairi yale yametengenezwa kwa ajili hiyo. Tairi la kawaida la radial ukilipunguzia upepo kiasi hicho linayumba na linaweza kuchomoka kwenye rimu. Sisi tunashuka kidogo kidogo, psi 2 kila jaribio, tukitazama chaki na muda wa mita 18 za mwanzo, na baada ya jaribio tunarudisha kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Vilevile, asubuhi za Juni na Julai, baridi inaposhuka chini ya nyuzi 10, tairi huwa gumu. Kulizungusha kwa muda mfupi kunalipasha joto, lakini ukizidisha, mpira unakuwa na utelezi.

Alama zinazobaki chini nazo zinasema. Ukiona mstari mmoja mweusi badala ya miwili, difu ya kawaida imepeleka nguvu kwenye tairi lililokosa mshiko na kuliacha jingine likiwa limetulia. Hapo ndipo difu ya LSD, ile inayozuia tairi moja kuzunguka bure peke yake, inapokuwa na maana, na tutakushauri uifunge baada ya matairi na springi kukaa sawa.

Upande wa dereva, tairi hushika vizuri zaidi likiteleza kidogo tu. Likishazunguka bure, kukanyaga mafuta zaidi kunapunguza mshiko. Achia klachi kwa utaratibu, na ukisikia mlio wa injini umepanda ghafla, punguza mafuta mara moja.

Majaribio haya hatuyafanyi barabara kuu ya kwenda Uyole wala ya kwenda Tunduma, hata usiku wa manane, kwa kuwa malori na watembea kwa miguu hawana habari na mashindano yetu. Tunayafanya kwenye eneo lililofungwa, kwa kibali cha mwenye eneo.

Ukija kwa ukaguzi, lete gari asubuhi kabla matairi hayajapata joto, na usijaze upepo njiani. Kama springi za zamani zilizotolewa bado unazo stoo, zibebe pia, maana huenda tukazirudisha hizohizo.