Tusiwakatie watoto wimbo wa ngano

Mhariri,

Vitabu vingi vya ngano za wanyama vinavyouzwa Nairobi kwa gredi ya 1 hadi ya 3 havijahaririwa vya kutosha. Sarufi kwanza: "fisi ilikimbia" ni kosa. Mnyama hufuata ngeli ya A-WA, kwa hiyo fisi alikimbia, chui wawili walikuja.

Picha nazo! Chui anachorwa na milia, ilhali mwenye milia ni chui milia wa Asia. Wa kwetu ana madoa. Fisi anafanywa mbwa, wakati miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma na mgongo wake unateremka.

Linaloudhi zaidi ni kufutwa kwa wimbo. Katika ngano ya kusimuliwa, wimbo hurudi kila tukio linaporudi, na wasikilizaji huitikia. Mhariri akiufuta ili kuokoa karatasi, hadithi hubaki muhtasari mkavu. Kurasa 16 zinatosha: ukitoa 3 za jina la kitabu na hakimiliki, zinabaki 13. Weka sentensi mbili au tatu kila ukurasa, maneno 20 hivi, na wimbo uleule, neno kwa neno, mahali patatu, ili msomaji mchanga aukute anaujua. Nafasi ikibana, kata maelezo ya mandhari, au lile funzo la herufi nzito mwishoni.

Na "Paukwa!" ipewe mstari wake, "Pakawa!" mstari wake, maana huitikiwa na darasa zima.

Msomaji,
Nairobi