Barua ya malalamiko: braketi za breisi mlizotuharibia

Gereji, Ndeeba
Kampala

Kwa Meneja Mkuu

YAH: BRAKETI 6 ZA BREISI YA CHASISI, SUBARU FORESTER

Bwana Meneja,

Pokea salamu zetu. Tunakuandikia kwa heshima, ingawa kwa jinsi tulivyotendewa, heshima yenyewe tumeitafuta kwa tochi.

Tuliwaagiza mtutengenezee braketi 6, yaani vishikio vya chuma vya kufungia breisi, fito inayoimarisha chasisi, kwenye gari la mteja wetu, nanyi mkatuletea zenye makosa. Tunaanza na lililotokea kwenye karakana yenu, kwa sababu linauma kuliko chuma chenyewe. Fundi wetu alizirudisha braketi, akamwonyesha msimamizi wenu kwa kalipa, kile kipimo cha unene na matundu, kwamba tundu la bolti ya M10, yaani ya kipenyo cha milimita 10, lina milimita 13. Mchoro unasema 10.5. Msimamizi hakuangalia kalipa. Aliichukua braketi, akaibana kwenye jiliwa, akawasha gesi ya kukatia chuma, akalipanua na tundu la pili ili "yalingane". Kisha akauliza kwa sauti ya kusikika hadi getini: "Ssebo (bwana), hii ni gari au ndege?"

Ni gari, Bwana Meneja. Gari linalopita barabara za murram likiwa na watu ndani.

Sasa kazi yenyewe. Tuliagiza braketi 2 za juu, zinazokaa kwenye nati 3 za M8 za kichwa cha shokamzoba, kwa pleti ya milimita 5. Na braketi 4 za chini, zinazofunga breisi kwenye maboksi ya chasisi, kwa pleti ya milimita 6. Mmetuletea za chini za milimita 4, tena kalipa inasoma 3.8 mkishapiga grenda. Mtu wa kaunta alisema milimita 2 "si kitu". Ni kitu. Ugumu wa pleti dhidi ya kupinda hufuata unene wake uliozidishwa wenyewe mara tatu. Ukitoka 6 ukaenda 4, unabaki na chini ya theluthi moja ya ugumu uliolipiwa. Breisi kazi yake ni kuzuia chasisi isijipinde. Ikishikwa na braketi inayopinda, mteja amebebeshwa kilo za chuma bure.

Matundu tuliandika yatobolewe kwa keekee, si kwa gesi, na tulipigia mstari. Tundu la gesi haliwi duara, kingo zake zinakuwa ngumu na zenye meno, na washa ya bolti haikai sawa juu yake. Bolti ya M10 ndani ya tundu la 13 ina nafasi ya kuteleza milimita 3. Itateleza kila tairi likiingia shimoni, nati italegea, dereva ataanza kusikia mlio chini ya miguu yake na lawama zitarudi kwetu.

Halafu bushi. Kila bolti inayopita katikati ya boksi la chasisi lazima ipite ndani ya bushi, kibomba cha chuma, kipenyo cha nje milimita 16, cha ndani 10.5, urefu sawasawa na upana wa boksi. Bila bushi, ukikaza unaliminya boksi, kuta zake zinaingia ndani, na mkazo wa bolti unapotea hata uongeze nati mbili. Tuliagiza bushi 8. Tumepata sifuri. Kwenye ankara zimo.

Hizo braketi 4 za chini zote ni za upande mmoja. Zote! Ya kushoto ni ya kulia iliyogeuzwa; mchoro unaonyesha mbili hivi na mbili vile, na mshale wa mbele ya gari umechorwa kwa wino mwekundu. Fundi wenu alikata moja, akaifanya kigezo cha nyingine zote, akaenda kula. Mbili kati yake hazifungiki kwenye gari lolote duniani, labda litembee kinyumenyume.

Weldi: mmechomelea juu ya magamba ya chuma kipya cha kiwandani na rangi bila kusafisha, mshono umejaa vitobo, na pembetatu ya kuimarisha imeshikwa kwa vidonge vitatu tu ambavyo kila mtu wa fani anajua ni vya kushikia kabla ya kuchomelea kamili. Kona mmekunja kwa nyundo juu ya ukingo mkali. Kona ya ndani haina mviringo wowote, na kwa nje kuna ufa mwembamba kama unywele. Pleti ya 6 inataka mviringo wa ndani usiopungua milimita 6. Mashine ya kukunjia mnayo, tumeiona imefunikwa turubai.

Hata bolti. Tuliandika 8.8, alama ya daraja la uimara wa bolti. Mlizoleta hazina alama yoyote kichwani. Bolti ya M10 ya 8.8 tunaikaza kwa nguvu ya Nm 45 (nyutoni-mita). Hizi zenu kabla ya kufika 30 zilianza kunyooka, unasikia spana inakuwa laini mkononi.

Na hapo tulikuwa tumeshalipa shilingi 860,000 zote, kwa kuwa mhasibu wenu alikataa kutoa mzigo kabla ya salio. Mwanzoni makubaliano yalikuwa nusu. Simu za kuuliza kazi imefikia wapi zilijibiwa "kesho" mpaka neno hilo likachuja. Vipimo tuliwapa safi: vilichukuliwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake kwenye sakafu tambarare, si juu ya jeki, maana ukiliinua bodi inajipinda na umbali wa kichwa kimoja cha shokamzoba hadi kingine unabadilika. Tena tuliwapa vigezo vya kadibodi vya kila braketi. Viko wapi? Hamjavirudisha.

Turudi kwa yule msimamizi, kwa sababu hapo juu tulijizuia. Hakuwa peke yake na fundi wetu. Mwenye gari alikuwa amesimama pale pale. Alikuja kujionea hela yake imekwenda wapi. Kalipa ilipowekwa juu ya tundu, msimamizi aliisukuma kwa kiwiko. Mchoro wetu ulikuwa juu ya meza, ule wenye wino mwekundu. Aliuchukua akaufutia grisi mikononi, kidole kimoja baada ya kingine, huku akimtazama fundi machoni. Ndipo akawasha gesi. Cheche zilikuwa bado zinaruka alipouliza habari ya ndege, vijana wakacheka, naye akamalizia: "Kama hutaki, kawauzie watu wa vyuma chakavu Katwe." Mwenye gari alitoka bila kuaga. Huyo ni mteja wetu, Bwana Meneja, hakuwa wenu wa kumfukuza.

Tunachotaka. Awali tulikusudia kuomba mtengeneze upya tu. Tulivyokuwa tunaandika tumeona haitoshi. Tengenezeni upya braketi zote 6: pleti ya unene ulioandikwa, matundu ya keekee, kingo zikiwa angalau milimita 15 kutoka katikati ya tundu la M10, kona za mashine, chuma kisafishwe hadi king'ae kabla ya weldi, mshono ukamilike pande zote mbili. Sehemu zinazokutana na chasisi zipate praima nyepesi tu. Rangi nene chini ya bolti hukandamizika na mkazo unapotea. Bushi 8. Bolti zenye alama. Fundi wetu awepo wakati wa kushikia, braketi zikiwa zimefungwa kwenye gari lenyewe, ndipo zitolewe zikachomelewe kamili.

Yote hayo kufikia Ijumaa ijayo bila shilingi ya ziada. Ikishindikana, rudisheni 860,000 yote pamoja na gharama ya gari kukaa limeziba nafasi yetu ya kazi. Na katika hali zote mbili, msimamizi huyo amwombe radhi mwenye gari, uso kwa uso, si kwa ujumbe wa simu.

Mkinyamaza hatutaandika tena. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyoagiziwa, na maelezo yetu yapo, pamoja na grisi yenu juu yake. Mahakama ya hakimu inapokea madai madogo hadi shilingi milioni 10 bila kuhitaji wakili. Yetu yanaingia humo na nafasi inabaki. Tena ankara yenu ina VAT lakini risiti mliyotupa ni ya kuandika kwa mkono, haina namba ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki. Hilo URA, Mamlaka ya Mapato Uganda, watapenda kuliuliza wenyewe.

Braketi zote, pamoja na ile iliyochomwa mbele ya mteja, zimefungwa kwenye gunia hapa ofisini na zimepigwa picha zikiwa na kalipa juu yake. Mnaweza kuja kuzikagua siku yoyote ya kazi kabla ya saa kumi na moja jioni. Msimtume yule.

Wenu,
Msimamizi wa gereji

Nakala: Mwenye gari